Bihogo Amekwama kwa Marie

Kijiwe chetu kiko katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kando ya barabara ya vumbi iendayo Isingiro, na anayetutafuta huuliza tu penye kahawa ya Pulchérie. Benchi letu ni ubao mmoja mpana, laini, mzuri kuliko benchi zote za kambi. Umelazwa juu ya matofali, na karibu na ukingo una tundu ambamo Bonaventure huweka kikombe chake kisipinduke. Bonaventure tunamwita Ministre, maana tangu atoke Uvira, Kongo, hajasema jambo bila kulitangaza. Elisée, mjenzi na seremala, ni Santimetre. Hupima hata chapati kabla ya kuila. Afande Hakim ni koplo wa kambi ya jeshi Mbarara, na kila akipata likizo anapanda boda mpaka kwetu, eti kwa sababu ya kahawa. Mimi sina jina la utani, au ninalo na wamenificha. Asubuhi hiyo tulikuwa tukibishana kama chapati ni chakula au ni kitafunio tu, mara jirani yetu Marie akatoka mbio kwenye nyumba yake mpya ng'ambo ya barabara, kitenge kikiburuzwa vumbini.

Marie: Ng'ombe! Ng'ombe iko mu nyumba yangu!

Tukatazama bila kuinuka. Kweli, penye mlango ulichungulia uso mwekundu wa ng'ombe wa Kinyankore, pembe ndefu zimezuiwa na ukuta kulia na kushoto, na pazia la maua la Marie likining'inia kwenye pembe moja. Akasukuma, pembe zikagonga ko! Akarudi ndani. Marie alisema ng'ombe amefuata maganda ya maharagwe aliyoyaweka humo yasinyeshewe.

Nyumba hiyo si ya kufanyia mchezo. Marie ameishi miaka mitatu chini ya plastiki. Matofali aliyafyatua mwenyewe kiangazi kizima, akikanyaga udongo kwa miguu yake mpaka kucha zikabadilika rangi. Mabati yalipanda juu wiki mbili zilizopita. Jumapili kwaya ya kanisa ingekuja kuibariki, na usiku huo Marie angelala humo kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nimefurahi kana kwamba nyumba ni yangu.

Santimetre: Pembe, santimetre mia moja makumi sita. Mlango, makumi munane. Haiwezekani. Ile ng'ombe haikuingia.

Marie: Papa Elisée, iko ndani!

Santimetre: Mi nasema kwa hesabu.

Ministre: Donc, écoutez, musikilize. Iliingia na pembe fupi. Mabati ni ya mupya, joto iko mingi, pembe zimekomalia mule ndani. Niliona ile kitu Uvira, kwa mbuzi.

Pulchérie: Kwa asubuhi moja?

Ministre: Mbuzi ilichukua siku mbili. Mais ng'ombe iko na damu mingi.

Hakim: Nyinyi raia iko na maneno mingi. Hii ni kazi ya jeshi. Sisi nawasha moshi kwa dirisha ya nyuma. Adui nakohoa, nachanganyikiwa, natoka.

Marie: Atoke wapi, Afande?

Hakim: Hiyo ni mpango ya pili. Kwanza nakohoa.

Mimi nami, nisiachwe nyuma, nikapendekeza tuzipake pembe mafuta ya mawese ziteleze. Nasikitika kusema kwamba wazo hilo lilijadiliwa kwa heshima zote, mpaka Pulchérie akauliza nani atakayezipaka.

Santimetre: Basi tuzikate.

Hakim: Kata! Mwenye hii ng'ombe atakata shingo yako, sebo. Kwa Munyankore, hiyo pembe ndiyo sura ya nyumba yake.

Ministre: Non, non. Tutoe mabati yote. Kule Biharwe, ku barabara kubwa, niliona mashine inanyanyua lori. Ikuje hapa, inyanyue ng'ombe, ipite juu ya bantu. Kwaya ikuwe inaimba.

Hakim: Mashine natoka Biharwe mpaka hapa?

Ministre: Na polisi mbele.

Kila sauti zetu zilipopanda, ng'ombe naye alilia, akainua kichwa, akagonga. Ko! Kipande cha plasta kikaanguka. Marie alishtuka kila mara kana kwamba kinamwangukia yeye.

Hapo Santimetre akasema jambo lililomridhisha kila mtu: ukuta ubomolewe. Tulikubaliana haraka sana, na hilo peke yake lingetutisha, kwa kuwa kijiwe hiki hakijawahi kukubaliana hata kuhusu sukari. Alivuka barabara na kalamu yake nyekundu, akachora mstari kando ya mlango, akatoa nyundo kubwa mfukoni mwa vifaa.

Marie: Na utajenga tena lini?

Santimetre: Nitaangalia programme.

Marie akautazama ule mstari.

Marie: Ule udongo nilikanyaga miye mwenyewe. Lakini kama hakuna fasi ingine, piga. Piga basi.

Inaniuma mpaka leo kwamba kati yetu hakuna aliyemwambia asubiri. Sisi tulikuwa tumesogea tu ukingoni mwa benchi tuone vizuri.

Nyundo ilikuwa hewani alipotokea msichana mwenye gambuti na fimbo, vumbi limempanda mpaka magotini. Alikuwa amefuata nyayo tangu alfajiri kutoka upande wa Endiinzi. Jina lake Kemigisha.

Kemigisha: Wewe wa nyundo, ngoja. Hiyo ni Bihogo yangu. Iliingilia wapi?

Santimetre: Ku mlango.

Kemigisha: Na pembe yake?

Santimetre: Na pembe zake.

Kemigisha: Sasa, ilifanya namna gani kuingia?

Ng'ombe mzima alikuwa amepita mbele ya pua zetu, na sisi tulikuwa kwenye chapati. Hatukuona, na mbaya zaidi, hatukuuliza.

Kemigisha: Kila mutu anyamaze. Ikisikia kelele inainua kichwa. Ikiinua kichwa, mlango haitoshi.

Tukanyamaza. Nilisikia birika la Pulchérie likichemka, sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Kemigisha hakugusa kitu. Alichuchumaa, akapokea kikombe cha kahawa kwa Pulchérie, akanywa taratibu mpaka nusu. Kisha akamwomba Marie beseni la maji yenye chumvi kidogo, akaliweka nje, hatua mbili kutoka mlangoni.

Kemigisha: Bihogo… Bihogo we…

Ng'ombe alimaliza kutafuna. Alishusha kichwa, akakiinamisha upande kama mtu anayetafuta kiatu uvunguni, akapitisha pembe ya kushoto, halafu ya kulia, halafu mabega, halafu mkia. Akanywa maji. Marie akacheka, akalia, akaenda kuuwekea kiganja ukuta wake palepale penye mstari mwekundu.

Santimetre akarudi kuketi, nyundo imefichwa nyuma ya mguu.

Santimetre: Makumi munane. Nilisema inatosha.

Kemigisha alitoa pazia pembeni, akalikung'uta, akamkabidhi Marie.

Kemigisha: Nyumba ni nzuri, nyabo. Lakini pazia haizuii ng'ombe. Mlango ya mbao hapana?

Marie: Iko. Papa Elisée alitengeneza tangu mabati ilipanda. Anasema bado anafikiri fasi ya kuweka bawaba, na mbao ingali inakauka.

Kemigisha: Inakauka wapi?

Santimetre alimtazama Ministre. Ministre aliinua kikombe chake taratibu kutoka kwenye tundu, tundu la kitasa, akalichungulia kana kwamba analiona leo. Afande alisoma mawingu. Wiki mbili nzima tumeukalia mlango wa Marie, sote wanne, tukisifu ulaini wake.

Pulchérie alipindua birika, likatoa tone moja.

Pulchérie: Kahawa imeisha.

Marie: Musimame, ba papa.

Tukasimama.