Suruali Inayopanuka

Mbele yangu kwenye basi, mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa amepakata suruali nyeusi pana. Mzee aliyekaa naye akamuuliza kama ni ya baba watoto.

"Ya mwanangu. Ana miaka ishirini na mbili, akipanda ngazi anahema kuliko wewe, mzee wangu."

"Vijana wa simu hao," mzee akasema, macho yakiwa kwenye simu yake. "Ungemfukuza akacheze nje, mama."

"Wenzake waliocheza nje wengine waliletwa na polisi. Wangu, tangu sekondari, nilijua alipo: kwenye kochi. Nikamshukuru Mungu."

"Na hukuona ananenepa?"

"Niliona. Nguo ikimbana, naifumua, naipanua, naipiga pasi, nairudisha kabatini kimyakimya. Sikutaka ajisikie vibaya. Juzi daktari kamuuliza amenenepa tangu lini. Akashangaa kweli. 'Mimi? Mbona nguo zangu zote zinanitosha?'"

Mzee akazima simu. "Sasa hiyo unaipeleka wapi?"

"Natafuta kitambaa cha rangi hii, niongezee ubavuni. Hapa hakijabaki cha kupanua."

"Mama, si umwambie tu?"

Basi likasimama. Mama akaikunja suruali taratibu, akashuka mbele ya duka la vitambaa.