Kiko cha Mzungu

Kwenye Probox ya abiria iendayo Gotu, nikiwa nimebanwa kiti cha nyuma, Kuno, kijana anayekusanya viko vya zamani, alimwonyesha mama mmoja aitwaye Akiru kile alichonunua sokoni Isiolo. "Hii ilikuwa ya ofisa Mzungu. Ona muhuri ya kiwanda. Nimeshaandika kwa kitabu yangu."

Akiru alikagua pale pa kutia mdomoni. "Meno imeuma juu tu. Chini hakuna alama. Hii ni ya Mturkana. Sisi wa zamani tuling'olewa meno ya chini."

Nilipapasa meno yangu ya chini kwa ulimi. Yote yapo.

"Lakini mama, muhuri haidanganyi."

"Muhuri ni ya mwenye kutengeneza. Meno ni ya mwenye kuvuta." Akakitia mdomoni, kikakaa sawasawa kwenye pengo.

Gari likasimama. Kuno alinyoosha mkono arudishiwe kiko chake. Akiru alishuka polepole, kiko bado mdomoni.