Mwaguzi Niliyemfuta

Ejok, ndugu zangu. Nimesimama kwa sababu nimeombwa, si kwamba nina nguvu. Mtanivumilia.

Mimi ni mwalimu hapa Lodwar. Nilikuwa naandika riwaya. Ndani yake kuna mtambo unaotafuta maji chini ya ardhi, na kuna emuron, mwaguzi wa kwetu, anayeota maji yalipo. Wote wawili wanafika mahali pamoja. Kila likizo nilienda Kaikor kumsomea mama, naye alinisahihisha zile ndoto. "Si hivyo. Emuron haoti mbuzi mweusi bure."

Mhariri mmoja wa Nairobi akanirudishia mswada. Chagua, akaandika, sayansi au uchawi. Ukichanganya, msomaji atapotea. Wiki hiyo hiyo mama akafa.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, sikulia. Nilizika, nikawapikia wageni chai, nikarudi darasani. Kisha nikaanza kumfuta emuron, ukurasa baada ya ukurasa. Sikusikia uchungu wowote. Nikabaki na kitabu cha mtambo tu, na hata kukisoma sikuweza.

Baadaye nilienda Kakuma kwa semina ya walimu. Nikapeleka gauni kwa fundi cherehani, mama wa Sudan Kusini, alipunguze. Akaniuliza mbona nimekonda hivi. Sijui kwa nini, nilimwambia yote. Hakuacha kushona.

"Dada," akasema, "mimi kifo ya kaka yangu niliota. Asubuhi simu ikaleta picha ya maiti yake. Sasa niambie, nitupe gani? Ndoto ama simu?"

"Usitupe chochote."

"Basi rudisha huyo mzee. Mimi nataka kujua kama alipata maji."

Nikarudi nyumbani, nikaandika. Nilipofika kwenye ndoto ya kwanza nikasema kwa sauti, "Mama, hapa ni sawa?" Kimya. Ndipo nilipojua kwamba amekufa. Nikalia mpaka jirani akaja, akakaa nami sakafuni.

Riwaya imekwisha. Mchapishaji mwingine anaisoma, hajajibu. Na sitawadanganya, siku nyingi bado sihisi kitu. Lakini naandika.

Namshukuru yule fundi, na jirani yangu, na ninyi mliokuwa mkinipigia simu nisipokee, mkapiga tena. Neno langu ni hili tu: mtu akikuambia utupe nusu ya unayoyajua ndipo akuelewe, usikimbilie kufuta. Tafuta kwanza mmoja atakayekusikiliza mpaka mwisho.

Asanteni. Acha nikae sasa.