Sahihi za Wanangu

Ndani ya basi, kando yangu na gazeti langu, mama fundi cherehani alimfunulia jirani yake wa kiti karatasi iliyokunjwa vizuri kama shati jipya. "Wosia wangu huu," alisema, kifua mbele. "Nimeuandika mwenyewe. Cherehani ni ya binti yangu, meza ya kukatia ni ya kaka yake. Na wote wawili wametia sahihi kuwa mashahidi, kesho wasije wakaniruka."

Jirani, karani mstaafu wa mahakama, alivaa miwani. "Hapo umekosea, mama. Shahidi harithi. Fungu lake limeota mbawa."

"Wanangu si wezi, mzee!"

"Sheria haiwajui wanao. Inataka mashahidi wawili wasio na fungu."

Mama aliikunja karatasi yake. Nilidhani amenywea, kumbe alikuwa anatupima kwa macho, kama anayetaka kutushonea suruali.

"Nguo ikienda upande hufumuliwa," alisema, kidevu juu. "Mimi sijawahi kumpa mtu nguo iliyokwenda upande. Nitaandika upya, leo hii. Wewe mzee, kwangu hurithi hata sindano. Na wewe unayejifanya unasoma gazeti, una kalamu?"

Basi likasimama. Kituo kilikuwa changu, lakini nilibaki kitini nikitafuta kalamu.