Dkt. Yigal Sharvit, Aliyekataa Kutia Sahihi

Ijumaa hii, tarehe 30 Novemba 2007, Dkt. Yigal Sharvit anastaafu baada ya kulitumikia shirika letu miaka kumi na minane. Nimeagizwa niandike maneno matamu. Nitaandika yaliyotokea.

Dkt. Sharvit, mzaliwa wa Be'er Sheva, Israeli, ni mwanauchumi wa ustawi wa jamii: kazi yake ni kujua kama maisha ya watu yameboreka kweli. Alifika Kitale mwaka 1989 akijua neno moja la Kiswahili, "pole", akalitumia hata kumsalimu mkurugenzi. Mwaka uliofuata alikuwa akibishana na Mama Nduta sokoni juu ya bei ya viazi, na kushindwa kila Jumamosi.

Mwaka 2003 shirika lilitangaza kwamba njaa imekwisha katika vijiji vya Naitiri, eti kwa sababu mavuno ya mahindi yameongezeka. Yeye na Nekesa, mkusanya takwimu wetu, wakaenda nyumba kwa nyumba wakiuliza nani hula mwisho, na humbakia nini.

"Mahindi si yanauzwa yakiwa bado shambani, bana," alijibu Rispah, mjane wa watoto watano. "Mimi nakunywa chai ya rangi, nalala."

Wajane mia nne na kumi na wawili kama yeye walikuwa wamefutwa kwenye orodha ya msaada.

Mkurugenzi wa wakati huo akamletea Dkt. Sharvit ripoti ya ushindi. "Weka tu sahihi, Daktari. Wafadhili wanangoja."

"Rispah pia anangoja," akajibu, akairudisha.

Wiki hiyo hiyo alihamishiwa Bungoma, kwenye stoo ya mbolea, bila simu wala gari. Barua ya uhamisho niliichapa mimi, nikanyamaza. Wengi watakaopiga makofi Ijumaa waliacha hata kumsalimu. Miaka mitatu alikohoa humo, akiomba lifti hadi Naitiri kukusanya upya majina ya wajane hao.

Mwaka 2006 Rispah alisimama barazani mbele ya wafadhili, akayasoma majina yote. Hakuna aliyethubutu kumkatiza. Orodha ikarekebishwa. Kumi na mmoja kati ya wajane hao walikuwa wameshafariki. Ofisi hii haikuomba radhi, na ripoti aliyoiandika Daktari kuhusu wajane hao ikawekwa maktabani bila jina lake.

Jana nililiandika jina hilo kwa kalamu kwenye nakala zote tisa. Atakayetaka kunihamisha, mlango wangu uko wazi.

Daktari, asante. Nisamehe kwa ile barua. Uende salama, uzeeke ukiwa na afya na watu wako.

Mwihaki Muchiri, Idara ya Uchapaji, Kitale