Mwalimu Grégoire Kalenga na Honi Iliyomwombea Njia

Huyu tuliyemzunguka asubuhi hii, ndugu katika Kristo, ni Mwalimu Grégoire Kalenga Mulongo. Alizaliwa Kongolo tarehe 12 Machi 1951, mtoto wa tatu wa Papa Isidore Mulongo, mfanyakazi wa reli, na Mama Thérèse Ngoie. Katika kalenda ya zamani ya Kanisa siku hiyo ilikuwa ya Mtakatifu Gregori. Basi jina lilitangulia kufika, likamngoja mlangoni.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadri wa Kongolo, kisha akaingia seminari ndogo, ambako alionja Kilatini na hakukiacha tena. Upadri haukuwa wito wake. Alipopata diploma ya ualimu mwaka 1973 alifundisha kwanza Kabimba, ambako vumbi la chokaa liliwapaka wanafunzi weupe kabla ya chaki kuwafikia, halafu hapa Kalemie, tangu 1980 hadi alipostaafu mwaka 2016. Sauti yake ilikuwa nene na ya taratibu. Aliyesinzia mstari wa nyuma aliamshwa kwa kutajwa jina lake tu.

Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa takatifu na Mama Pascasie Mwange, binti wa wavuvi wa Moba. Bwana aliwajalia watoto watatu. Kila Jumapili wakati wa mapambazuko mji uliwaona wakienda Misa, yeye akiendesha skuta yake ya kijani, Mama Pascasie ameketi nyuma, rozari mkononi.

Honi ya skuta ile ililia kama kifaranga, naye hakutaka nyingine. Alishikilia kwamba Mkristo haombi njia kwa kelele. Alipokuta watu wamejaa barabarani alipunguza mwendo, akawaita kwa majina: Mama Falone, naomba nipite, Papa Basile, na magunia yako, nisaidie. Wakapisha huku wakimtania kwamba amestaafu lakini bado anaita majina ya darasa.

Mwezi Agosti 2022 madaktari wa Lubumbashi walimkata kansa ya koo, na pamoja nayo wakaiondoa sauti. Alirudi na tundu la kupumulia shingoni na kibao cha chaki cha kuandikia. Maandiko yanasimulia habari za kuhani aliyefungwa ulimi hekaluni kwa kuwa hakusadiki. Mwalimu alifungwa wake akiwa anasadiki, wala hakuahidiwa siku ya kufunguliwa.

Juma lile aliporudi barabarani alikwama kwenye daraja la Lukuga, nyuma ya wenye baiskeli za makaa waliosimama kuzungumza. Kifaranga kililia, hakuna aliyekisikia. Akabaki nyuma ya migongo ya watu aliowajua wote, mvua ikamkuta palepale. Alipofika nyumbani aliandika kwenye kibao: "Majina yote ninayo. Mlango wa kuyatolea umezibwa."

Mama Pascasie akamwita fundi Éliézer, naye akamfungia honi ya lori, klakso ya kweli. Honi hiyo ilitaka umeme mwingi kuliko nyaya za skuta zilivyoweza kubeba. Basi, kama mafundi wetu walivyozoea, aliiunga moja kwa moja kwenye betri, ikawa inalia hata ufunguo ukiwa umetolewa. Siku ya kwanza sokoni Mwalimu aliibonyeza kidogo tu. Watu wakadhani lori la saruji limekatika breki. Beseni la ndagala la Mama Falone likapinduka. Mwalimu alishuka, akapiga magoti vumbini, akawa anaokota samaki mmoja mmoja, machozi yakimtoka kwa kuwa hawezi kuomba radhi. Mama Falone akapiga magoti upande wa pili.

"Mwalimu, zamani ulikuwa unatuita mumoja mumoja," alimwambia. "Leo umeita soko nzima."

Tangu hapo alibonyeza kwa ufupi, kama salamu, na soko likamjibu.

Julai 2024 vumbi la kiangazi lilimwingia kwa lile tundu, akalazwa kwa homa ya mapafu. Alipotoka hospitali, mwanawe Ruben, aliyerudi kutoka Lubumbashi ili kumwuguza, aliuchukua ufunguo wa skuta, akamwambia kwa upole kwamba vumbi litamwua. Mwalimu aliandika: "Nyumba nayo inaua, ila polepole." Ruben alisoma, akamrudishia kibao. Ufunguo haukurudi.

Skuta iliegeshwa ndani ya ua, ikielekea lango. Kila jioni, baada ya sala ya Malaika wa Bwana, Mwalimu alivaa koti, akaipanda, akaketi mikono juu ya usukani, akiyatazama mabati ya lango. Aliposikia hatua nje alibonyeza. Baadhi waliingia kumsalimu. Wengi walikuwa na haraka zao. Hatua zilipita, naye akangoja nyingine.

Majirani walilalamika, hata Ruben akamwita Éliézer aje akate waya. Mama Pascasie alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mbele ya skuta.

"Ile njo mudomo wake," alisema. "Miguu mulisha kumunyanganya. Mudomo, muuache."

Éliézer akarudisha koleo mfukoni, akaaga.

Septemba mwaka huu kansa ilirudi. Mwalimu alipokea Mpako wa wagonjwa akiwa na akili timamu. Jumatano, tarehe 5 Novemba 2025, aliomba kwa ishara abebwe hadi kwenye skuta. Betri ilikuwa imechoka. Alibonyeza, na honi ya lori ikalia kama kifaranga. Nje hakuna aliyeisikia. Mama Pascasie aliisikia akiwa jikoni. Alikuja, akaketi nyuma yake, rozari mkononi, wakakaa hivyo hadi giza, lango likiwa limefungwa. Mwalimu alifariki nyumbani alfajiri ya kesho yake.

Ameacha mjane, Mama Pascasie, watoto, Ruben, Huguette na Aimée, wajukuu, dada yake, Mama Syntiche, wa Kongolo, na wanafunzi waliotawanyika nchi nzima.

Betri imetiwa umeme. Ruben ameurudisha ufunguo, naye mwenyewe ataiendesha skuta mbele ya jeneza. Tukifika daraja la Lukuga ataibonyeza honi; walio barabarani tunawaomba wapishe, Mwalimu anapita. Bwana amfungulie lango lile lililobaki, na ng'ambo yake apumzike kwa amani.