Chupa ya Mwezi Mzima

Benchi letu lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, na limewekwa mbele ya meza yangu ya kushonea viatu, pale barabara ya lami inapokutana na ile ya vumbi. Mimi wananiita Gundi. Kulia hukaa Redio, fundi simu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Kushoto hukaa Tani, mpakuaji wa mifuko ya saruji, na ukimwona amekaa ujue lori halijafika. Katikati, kwa wiki tatu, alikuwa akikaa Breki, dereva wa lori, ambaye alikuwa likizo ya ugonjwa baada ya kufanyiwa upasuaji wa macho kwa mwanga wa leza. Asubuhi moja alikuja akitokea kliniki, jicho la kushoto limebandikwa pamba na plasta. Alipapasa benchi kwanza ndipo akakaa. Nilimpa kikombe cha kahawa, mkono wake ukakikosa, ukakipata mara ya pili. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka, nami nilijua vizuri ninamkasirikia nani.

Redio: Haya, lete habari. Daktari kasemaje?

Breki: Kasema kuna kidonda. Juu ya kioo cha jicho.

Tani: Kidonda si kinapona?

Breki: Kitapona. Kitaacha kovu. Na kovu lenyewe liko katikati, palepale ninapoonea.

Tani: Na Ijumaa?

Breki: Ijumaa ndiyo hiyo. Kampuni inapima madereva wote. Mwenye jicho moja hapewi lori.

Hapo tukanywa kahawa kidogo. Breki ameendesha miaka kumi na tisa na miwani mizito kama vitako vya chupa, hajawahi kugonga hata kuku. Kisha kampuni ikapata meneja mpya, na meneja akabandika karatasi ukutani: safari za mbali ni za wasiovaa miwani. Ndiyo maana alikwenda kujilaza chini ya ile mashine. Hakwenda kutafuta urembo.

Redio: Tatizo ni ule mwanga wenyewe. Hebu eleza tena walivyokufanya.

Breki: Nimeeleza mara ngapi, jamani?

Redio: Eleza. Ugonjwa haufichwi.

Breki: Wanakulaza chali. Wanakutia matone ya ganzi, jicho linakuwa kama la jirani. Wanabana kope kwa kiwaya usiweze kupepesa. Unaambiwa tazama kijitaa cha kijani, usikiache. Mashine inalia ta-ta-ta-ta, unasikia harufu ya nywele zinaungua. Hujamaliza kuomba dua, wameshahamia jicho la pili.

Tani: Hukuogopa?

Breki: Niliogopa mpaka vidole vya miguu vikakunjika. Lakini kesho yake nilitoka nje nikasoma kibao cha ng'ambo ya barabara, bila miwani. Kimeandikwa "Usikojoe Hapa". Nikalia.

Tani: Usikojoe hapa ndiyo ikakuliza?

Breki: Ungekuwa mimi, ungelia.

Tulicheka, kisha tukaacha kucheka, maana alikuwa anaipapasa ile plasta kwa ncha ya kidole.

Redio: Mmesikia? Harufu ya kuungua! Jicho limepikwa hilo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Lako lina miaka arobaini na sita, wamelikunja likiwa kavu.

Tani: Mbona la kulia zima?

Redio: La kulia ndilo lililoanza, mashine ina nguvu. La kushoto likakuta umeme umepungua.

Tani: Uongo. Mimi nasema ni ule mnara wa simu. Leza inafungua kijidirisha kwenye jicho. Kijidirisha kikiwa wazi, mawimbi yanaingia. Angalieni Breki anavyokaa hapa kila siku. Mnara uko upande gani? Kushoto!

Redio: Usinichafulie kazi yangu. Mimi nashika simu tangu asubuhi mpaka jioni, mbona naona?

Tani: Wewe hujafunguliwa dirisha.

Redio: Basi niwaambie lililo kweli, lakini lisitoke hapa. Uono wa Breki umechukuliwa. Pale kliniki wanaukamua. Macho kumi ya madereva yanatengeneza jicho moja la rubani. Umewahi kumwona rubani mwenye miwani?

Tani: Sijawahi kumwona rubani.

Redio: Ndiyo hivyo! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Tani: Sasa guu limeingiaje? Mtu ameumia jicho.

Breki: Nyamazeni!

Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Kahawa ilimwagikia suruali yake, asijifute.

Breki: Nilifanya kila nilichoambiwa. Sikunawa uso wiki nzima, nikanuka kama beberu. Nililala na vikombe vya plastiki machoni nisijikune, mke wangu akacheka mpaka akatoka chumbani. Jikoni siingii, moshi. Stoo siingii, vumbi. Na matone mara tatu kutwa, sijakosa hata siku moja. Gundi shahidi.

Mimi: Shahidi.

Nikainama kutafuta msumari ambao haukuwa umepotea.

Ushahidi huo ulikuwa wa kweli. Ile dawa ilitakiwa kukaa mahali pa ubaridi, na chini ya meza yangu hapapigi jua. Siku ya kwanza kabisa Redio alisema, "Kidole kimoja hakivunji chawa, tuachie chupa sisi, tutakuuguza," na Breki akanikabidhi. Niliilaza kwenye kopo la misumari. Asubuhi, mchana na jioni alikuwa anainua uso, nami namtilia. Ilipokwisha nilimwambia imekwisha, nikamrudishia chupa tupu. Akasema, basi nimepona. Siku nne baadaye jicho likawa jekundu.

Redio: Kikulacho ki nguoni mwako, Breki. Ulivaa shati gani wiki ile?

Kabla Breki hajamjibu, mkewe alitokea upande wa lami. Ni mpishi wa shule, na alikuwa bado na aproni. Hajawahi kufika kijiweni kwetu. Tulisogea wote kwa pamoja kumpa nafasi.

Redio: Karibu, shemeji. Kahawa?

Mke wa Breki: Asante, shemeji. Sikuja kunywa.

Alitoa mfuko mdogo wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na ile chupa.

Mke wa Breki: Mwenzenu alitoka mbio kliniki akaiacha hii, daktari akaniita niichukue. Anasema mdomo wake umeshika uchafu, na uchafu huo ndio umetoboa jicho. Mimi hayo siyajui. Mimi najua kupika. Sufuria ya watu mia ikiisha kwa watu hamsini, siulizi mvua wala jua. Sasa nisaidieni, shemeji zangu. Chupa hii ni ya mwezi mzima, ya mtu mmoja. Imeishaje kwa wiki mbili?

Redio alizimika. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alizimika.

Nitasema hapa ambalo sikulisema pale. Gundi ninayopaka viatu inachoma macho. Siku ya tatu, Breki amekwenda kujisaidia, niliinua chupa nikajitilia tone moja. Mdomo wake uligusa kope zangu. Ulikuwa ubaridi mtamu, kesho yake nikarudia. Redio aliniona. Yeye simu zinamkausha macho, akaomba tone moja. Tani alikuja kutoka kupakua saruji, kope nyeupe, vidole vyeupe, akachukua lake mwenyewe bila kunawa. Tukawa tunasubiri Breki asinzie. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba humalizwa vivyo hivyo. Hakuna aliyemnyima mwenzake, maana kila mmoja alikuwa ameonwa.

Breki alianza kugeuka. Kwa jicho la kulia peke yake ilimbidi azungushe shingo nzima. Alimtazama Redio, aliyekuwa anaitazama simu isiyowaka. Akamtazama Tani, aliyeficha mikono mapajani. Akanitazama mimi.

Breki: Gundi.

Niliokota nyundo, nikaiweka tena mezani.

Breki: Gundi, wewe ndiye uliyekuwa unanitilia.

Nilitaka kusema ilikuwa tone moja tu.

Breki: Mngeniambia, ningewanunulia. Kila mtu chupa yake.

Aliinuka. Mguu wake ukajikwaa kwenye matofali ya benchi, matofali aliyoyapanga mwenyewe ule mwaka mguu wa mbao ulipovunjika. Tani alinyoosha mkono kumshika, lakini mkewe alikuwa ameshampa bega, wakaondoka polepole kwa upande wa lami.

Ile chupa, mkewe aliiacha juu ya benchi, pale Breki alipokuwa amekaa. Birika lilikuwa bado nusu, na hakuna aliyejimiminia. Baadaye lori la saruji lilifika, likapiga honi mara tatu. Tani hakuinuka.